Droo Nane za Mwalimu

Barua ya kumstaafisha Bi Msasa ilifika Jumanne, na kufikia Jumatano ilikuwa imeshapata kazi. Aliikunja mara nne, akaisukuma chini ya mguu mmoja wa benchi lake uliokuwa mfupi, kisha akaegemea benchi kwa mikono miwili kuona kama bado linacheza. Halikucheza.

"Karatasi nzuri," alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Meneja, ambaye ndiye aliyeiandika, alikuwa amesimama mlangoni akayaona yote. Alikuwa mtoto wa mwenye karakana. Baba yake alipofariki, alirithi funguo, jiko la gundi, mlima wa mbao za zamani, na Bi Msasa. Funguo alizifurahia. Bi Msasa hakujua amweke wapi.

"Mama, ile barua umeisoma?"

"Mpaka nukta ya mwisho."

"Unasemaje?"

"Imeandikwa kwamba mwezi ukiisha mtaniaga kwa heshima na kunipa saa ya ukutani. Nasema saa ninayo nyumbani, na inakwenda."

Meneja aliondoka. Huyo ndiye Bi Msasa. Miaka sitini na mmoja, kimo cha mtoto wa shule, na mdomo usiokopesha. Wapo waliodhani aliitwa hivyo kwa kuwa kazi yake ya kwanza kwenye mbao ilikuwa kupiga msasa. Waliowahi kubishana naye walidhani jina limetokana na ulimi. Hakuna aliyekosea.

Karakana ilikuwa ikitengeneza samani za zamani za kila namna, lakini riziki yake hasa ilitoka kwenye makabati ya vyombo ya chumba cha kulia. Unayajua: yale marefu ya kulala, yenye miguu mifupi, yanayosimama ubavuni mwa meza ya chakula, juu yamebeba mabakuli na birika, ndani yamefungiwa sahani za wageni ambazo wageni wenyewe hawaletewi. Watu hurithi kabati kama hilo kwa bibi, halafu hugombana miaka kumi nani alichukue, na aliyelichukua analalamika kwamba halipiti mlangoni.

Bi Msasa alikutana na la kwanza akiwa na miaka saba. Mama yake alikuwa akifanya usafi kwenye nyumba ya watu, na siku moja alimchukua mwanawe akamkalisha kwenye kona ya chumba cha kulia, akamwambia asiguse kitu. Mama alipogeuka tu, mtoto akaivuta droo ya kabati ili aone mwisho wake uko wapi. Mwisho ulikuwa karibu kuliko alivyodhani. Droo nzima ilichomoka na visu na uma wake, ikamwangukia kwenye dole gumba la mguu. Ukucha uling'oka. Kile alichokiona kabla hajaanza kulia, yale meno ya mbao yaliyong'atana kwenye kona bila msumari hata mmoja, hakikumtoka akilini.

Alipofika karakana alikuwa na miaka ishirini na miwili, na Mzee mwenyewe, baba yake Meneja, alimpa ufagio. Alifagia miaka miwili. Halafu akapewa msasa. Halafu mwaka wa tatu akafanya kosa ambalo hulifanya watu wa kazi hii peke yao, na ni lazima nilieleze, kwa sababu kisa chote kinaning'inia hapo.

Wabebaji wanapohamisha kabati huzitoa droo kwanza ili lipungue uzito, wanazipanga pembeni moja juu ya nyingine. Ukizitazama utasema ni pacha: urefu mmoja, upana mmoja, kishikio kimoja. Si pacha. Kabati la zamani lilitengenezwa kwa mkono, na kila droo ilipunguzwa unywele kwa unywele mpaka ikakaa kwenye nafasi yake, na si nafasi nyingine yoyote. Ukiiingiza kwa jirani inakwama. Hapo asiyejua hukuna kichwa, akasema mbao zimevimba kwa unyevu, akachukua randa. Na ukishaipiga randa umeiua. Kwa jirani sasa inaingia kwa kusukumwa, na siku utakapoirudisha kwake inapwaya.

Bi Msasa aliipiga randa droo moja ya kabati la mteja, akaja kugundua baadaye. Alikwenda kwa Mzee akamweleza. Mzee hakupaza sauti. Alisema tu, "Usinawe mikono. Twende." Wakatembea mitaa mitano, yeye na gundi yake mpaka kwenye viwiko, hadi nyumbani kwa mwenye kabati, na pale Mzee akamwambia aseme mwenyewe. Alisema. Mwenye kabati alimgombeza mpaka chai yake ikapoa. Alipokwisha, Mzee akasema maneno ambayo watu wote wa karakana ile waliyajua tangu siku hiyo: aliyeharibu anasema kwa kinywa chake, na aliyeharibu ndiye anayetengeneza. Hatoki kwenye benchi mpaka kazi iishe, na hakuna wa kumgusa.

Ile droo ilimchukua mwezi mzima. Alipoimaliza alikuwa fundi, ingawa hakuna aliyemwita hivyo kwa miaka mingine minne.

Sasa turudi kwenye wiki ya ile barua. Alhamisi asubuhi Bi Msasa alikwenda kuchukua miwani yake mipya, akafika kazini saa tano. Hata kabla hajavaa aproni aliyaona maranda sakafuni. Fundi wa mbao za zamani huyasoma maranda kama wengine wanavyosoma gazeti. Mbao mpya hutoa maranda yenye rangi moja pande zote. Haya upande mmoja yalikuwa mekundu mabichi, na upande wa pili meusi kwa uzee.

"Nani anapiga randa mbao ya zamani humu?" aliuliza.

Alikuwa Kipara. Huyu alikuwa fundi mkuu, cheo alichopewa na Meneja miaka mitatu iliyopita pamoja na mashine ya kupulizia vanishi. Bi Msasa ndiye aliyemfundisha kushika patasi, zamani za nywele zake. Tangu apewe ukuu ule, kati yao zilibaki salamu tu, na hata hizo za kubana.

"Unyevu, Bi Msasa," Kipara alisema, akikaza droo nyingine kwenye jiriwa ya benchi. "Ni lile kabati la Mwalimu. Tumeshamtengenezea mguu, kurudisha droo zinakwama nne nzima. Mbili nimeshazipiga, zinateleza kama sabuni."

"Uliziingiza kwa namba?"

"Namba gani?"

Bi Msasa aliishika droo iliyokuwa kwenye jiriwa, akailegeza, akaigeuza mgongo kuuelekeza dirishani. Miwani ilikuwa mipya kweli. Pale pembeni, kwa penseli ya mtu aliyekufa zamani, palikuwa na tano iliyofifia kiasi cha kuonekana ukiitafuta tu.

Alizitoa droo zote nane, akazisoma moja moja, akazirudisha kila moja kwake. Sita ziliingia kwa kidole kimoja. Ya tatu na ya sita, zile zilizopigwa randa, zilicheza ndani ya nafasi zao kama meno ya bandia.

Kipara alikaa juu ya kopo la vanishi. Rangi ilikuwa imemtoka mpaka utosini.

"Usinawe mikono," Bi Msasa alimwambia, na safari hii sauti yake haikuwa na makali. "Unajua pa kwenda. Nitakusindikiza."

Huenda Kipara angekwenda. Alikuwa ameshaanza kunyanyuka. Lakini Meneja aliingia, akauliza kuna nini, akaelezwa, akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa tatizo dogo.

"Mwalimu anakuja kesho saa kumi kuchukua kabati lake," alisema. "Chukueni nta, changanyeni na unga wa mbao, jazeni pale palipopwaya. Hatajua."

"Nta itadumu wiki mbili," Bi Msasa alisema.

"Basi zipigeni randa na hizo sita zilizobaki, zote zipwaye sawasawa. Ataona ndivyo zilivyo."

Bi Msasa amesikia mengi katika maisha yake, lakini hilo lilimpita. Alimtazama kijana aone kama anatania. Hakuwa anatania. Basi aliichukua randa pale benchini, akagonga kabari yake mara moja kwa nyundo ndogo, akakichomoa kisu chake, akakifunga kwenye kitambaa na kukitia mfuko wa mbele wa aproni. Randa bila kisu ni kipande cha mti tu.

"Rudisha kisu, mama."

"Njoo ukichukue."

Meneja aliutazama mfuko. Akautazama mkono uliokuwa juu ya mfuko. Akakumbuka kwamba kuna mtu alitaka kumpigia simu.

Jioni ile kisu cha randa kilikaa mezani kwa Bi Msasa, kati ya sahani yake na ya mumewe. Mumewe alikuwa tarishi mstaafu, mtu wa miguu mirefu na maneno machache, ambaye miaka yote alibeba barua za watu bila kuuliza zina nini. Kisu hiki alikiulizia.

"Watalijaza nta," Bi Msasa alimwambia baada ya kumsimulia yote. "Kabati la watu! Mwalimu atafurahi wiki mbili, halafu nta itamong'onyoka kwenye vitambaa vyake."

"Na wewe kesho?"

"Nitasema."

"Watakufukuza."

"Nimeshafukuzwa, baba watoto. Watanifukuza mara ngapi?"

Tarishi alitafuna kidogo. "Ila benchi unalitaka," alisema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Barua aliifanyia mzaha mbele za watu, lakini moyoni ilimchoma. Alilitaka lile benchi lililo dirishani. Hakutaka kupumzika. Kila aliyemwambia apumzike alimwona kama mtu anayemsukuma taratibu kuelekea kaburini huku anatabasamu.

Kesho yake saa kumi kamili Mwalimu alifika. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mnene mwenye mkoba wa ngozi na kalamu mbili, ambaye kila alichokitazama alikitazama kama anakisahihisha. Kabati lilikuwa la shangazi yake aliyemlea. Aliinama kwa taabu akautikisa mguu uliotengenezwa, akaridhika. Akavuta droo ya kwanza, akairudisha, akaridhika. Meneja alikuwa akizungumza mfululizo, akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na karatasi ya kupokelea mzigo ilikuwa tayari juu ya kabati. Mwalimu akatoa kalamu.

"Mwalimu," Bi Msasa alisema kutoka benchini kwake, "kabla hujaweka sahihi, vuta ya tatu."

Mwalimu akaivuta ya tatu. Iliyumba kushoto, ikayumba kulia, na punje za nta zikadondoka kwenye kiatu chake.

"Ilikuwa hivi kwako?"

"Haikuwa hivi." Mwalimu aliisukuma, akaivuta tena. "Hii shangazi alikuwa akiifungua kwa kidole. Alikuwa mgonjwa, hana nguvu, na alikuwa akiifungua kwa kidole."

"Basi tumeiharibu sisi. Hapa ndani, jana. Ya tatu na ya sita."

"Sisi nani?"

Bi Msasa alimtazama Kipara. Ilikuwa zamu yake, na wote waliokuwa mle walijua. Kipara alikuwa amevuta uzi kwenye mkono wa shati lake, anaufuata kwa macho kana kwamba umeandikwa kitu.

Aliyesema ni Meneja. "Ni huyu mama," alisema, na akaweka huzuni kwenye sauti. "Nisamehe, Mwalimu. Nilitaka kumsitiri. Umri umekwenda, macho yamepungua, mikono inatetemeka. Ndiyo maana mwezi huu tunampumzisha."

Damu ilimpanda Bi Msasa mpaka masikioni. Alikuwa na neno tayari kwenye ncha ya ulimi, na lilikuwa neno la kubomoa nyumba. Lakini katika kulivuta lile neno aliiona njia nyingine, nyembamba, na kama kawaida yake akaingia bila kubisha hodi.

"Meneja. Umesema mbele ya mwenye mali kwamba ni mimi?"

"Nimesema."

"Rudia, nisije nikasema sikusikia."

"Ni wewe."

"Vizuri. Basi utaratibu wa baba yako unaujua. Aliyeharibu ndiye anayetengeneza. Hatoki kwenye benchi mpaka kazi iishe, na hakuna wa kumgusa." Akamgeukia Mwalimu. "Droo mbili zimepunguzwa. Kuzirudishia mwili wake ni kazi ya mwezi na zaidi. Uniachie, utazifungua kwa kidole."

Mwalimu alimtazama juu mpaka chini, akarudi juu. Akafunga kalamu. "Shuleni kwangu," alisema, "aliyechana kitabu alikibandika mwenyewe. Asikuguse mtu mwingine. Nitakuwa nakuja kila Jumatano kukagua."

Meneja alikuwa amejifungia mlango kwa nje na funguo ziko ndani.

Mwezi uliisha na Bi Msasa yupo benchini. Saa ya ukutani, iliyokwisha kununuliwa, ilikaa ofisini ndani ya boksi ikipiga kila saa, na kila ilipopiga Meneja alifumba macho. Bi Msasa hakuwa na haraka hata chembe. Alichagua kwenye mabaki yake kipande cha mbao cha umri ule ule na rangi ile ile, na kukipata tu kulichukua siku nne. Akakichana vipande vyembamba kama ganda la kitunguu. Akakwangua ubavu wa droo, akapaka gundi ya moto, akabandika, akabana, akasubiri siku mbili bila kugusa. Halafu akaanza kupunguza, mkwaruzo mmoja kwa mara, anaijaribu, anaitoa, anapunguza tena. Kijana mwenye mashine angemaliza jioni moja, na kabati lingejua.

Ungedhani alikuwa na furaha. Mchana alikuwa nayo. Lakini kila Jumatano Mwalimu alikuja, akavuta kiti, akasema naye kwa sauti ile ambayo watu huitumia kwa wagonjwa.

"Pole, dada yangu. Macho ni macho. Na mimi yangu yameanza."

"Asante, Mwalimu."

"Usijilaumu. Wewe umekiri. Wangapi wanakiri?"

Na Bi Msasa hakuwa amekiri kitu. Hakuwahi kusema ni yeye, alisema tu, "Umesema ni mimi?" na kwa upenyo huo alijipenyeza. Alijua. Miaka thelathini na sita hakuna droo nyingine aliyoiharibu, na sasa alikuwa anahurumiwa kwa ya mtu. Ilimuuma kuliko barua.

"Umepata benchi," tarishi alimwambia jioni moja, akichambua mboga, "jina umeliacha mlangoni."

"Unataka nimtaje Kipara?"

"Sijasema hivyo."

"Simtaji. Lazima atoke mwenyewe. Nikimsemea nitakuwa nimemwibia."

"Basi tulia."

"Nimetulia," alisema Bi Msasa, akapiga sufuria kifuniko chake kwa nguvu.

Kipara alikuwa amekonda. Alipita karibu na benchi mara kumi kwa siku, anatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Jumatano ya tano, wengine walipotoka kwenda kula, alikuja akasimama. Macho yalikuwa mekundu. Droo ya tatu ilikuwa imekwisha, na ya sita ilikuwa benchini, imebanwa upande mmoja.

"Mbona husemi?" aliuliza.

"Si yangu."

"Nikisema, ataniondoa."

"Huenda."

"Nina watoto, Bi Msasa."

"Nawajua. Wa kwanza alijifunzia kutembea hapa, kashikilia mguu wa meza yangu."

Kipara alisugua kichwa chake kwa viganja viwili. "Na wewe je? Umefikiria? Leo nikisema ni mimi, hii kazi si yako tena. Ni yangu kwa utaratibu. Kinachokuweka hapa ni hicho tu. Atakutoa leo leo, na saa yako mkononi."

"Nimefikiria kuliko wewe."

"Sasa unanitakia nini?"

"Nakutakia usingizi," Bi Msasa alisema. "Tazama macho yako. Na nakwambia kweli, na mimi siupati vizuri."

Aliinamia droo yake, na mikono, ambayo Meneja alisema inatetemeka, ilikaa juu ya mbao imetulia kabisa. Ila alijua amekwisha kusukuma, na kama Kipara ataanguka upande wa haki basi yeye ndiye wa kwanza kuangukiwa.

Saa kumi Mwalimu akaja na mkoba wake, Meneja akitembea nyuma yake. Akavuta kiti. "Pole, dada yangu," alianza, kama kawaida yake.

"Usimpe pole," Kipara alisema.

Alikuwa amesimama katikati ya karakana, mashine ya kupulizia ikiwa mkononi, hakujua pa kuiweka. Akaiweka chini.

"Ni mimi, Mwalimu. Mimi ndiye niliyezipiga randa zile mbili. Sikuangalia namba. Nilidhani ni unyevu. Yeye hakuwepo, alikwenda kuchukua miwani. Angekuwepo nisingezigusa." "Nilitakiwa niseme siku ile ile. Sikusema."

Mwalimu aligeuka polepole akamtazama Meneja, na ulikuwa mtazamo uliowahi kunyamazisha watoto mia sita uwanjani.

"Na wewe ulijua?"

Mashavu yalimwiva Meneja. Lakini mtu aliyeumbuka hutafuta pa kushika, na yeye alipaona.

"Haya," alisema. "Kama tunakwenda kwa utaratibu, twende nao wote. Aliyeharibu ndiye anayetengeneza. Basi droo ni za Kipara. Mama, wewe huna tena kazi hapa. Mwezi wako uliisha kitambo."

"Ni kweli," Bi Msasa alisema.

Alisimama. Aliichukua droo ya sita pamoja na vibano vyake, akaizunguka meza, akaiweka mikononi mwa Kipara. Kipara aliipokea kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Mafundi wengine wawili waliacha kazi. Bi Msasa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya aproni, akaivaa. Halafu, badala ya kwenda kuchukua mkoba wake ukutani, alivuta kigoda kutoka chini ya benchi, akakiweka upande wa pili, akakaa.

"Mama, nimesema..."

"Nimesikia ulichosema. Sasa nisikie na mimi." Alimgeukia Mwalimu. "Mwenye mali, nina kosa, nalisema kwa kinywa changu. Huyu nilimfundisha patasi na gundi. Kusoma namba za droo sikumfundisha, wala kurudishia mbao mwili. Alipopewa ukuu juu yangu nilinuna. Nikasema moyoni, mkuu si wewe, basi jua mwenyewe. Miaka mitatu nimemwona hajui na nikanyamaza. Droo zako zimeharibiwa na mkono wake, lakini mkono huo niliuharibu mimi."

Mwalimu alishusha mkoba wake chini, taratibu.

"Ni kosa langu," Bi Msasa alisema, na sasa alikuwa anamtazama Meneja usoni, kidevu juu. "Kwa hiyo mimi ndiye nitakayelitengeneza. Sitoki kwenye benchi hili mpaka liishe, na hakuna wa kunigusa."

Meneja alimtazama Mwalimu, ambaye alikuwa ameshatoa kalamu na kijitabu na anaandika kitu. Akawatazama mafundi. Hakuona msaada.

"Litachukua muda gani?" aliuliza mwishoni.

Bi Msasa aligeuza shingo. Kipara alikuwa ameishika patasi, anaikaribisha kwenye ubavu wa droo kwa woga, kidole gumba kimekaa mahali pasipo pake.

"Huyu?" alisema. "Huyu ni mzito. Miaka." Akaunyoosha mkono, akakisogeza kile kidole. "Si hivyo. Anza upya."